Mashine ya kurusha ndege ikikusumbua: dalili, chanzo na dawa kwa wenye mbwa wa kuwinda Dar

Wenye mbwa wa kuwinda ndege hapa Dar es Salaam hatuko wengi, na karibu wote tumejifunza kwa kuulizana. Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Mbwa wangu alikuwa anaenda vizuri, tangu nianze kutumia mashine kaharibika. Nifanyeje?" Mara nyingi mbwa hana tatizo lolote. Tatizo liko kwenye betri, au kwenye njiwa aliyechoka, au kwenye upepo uliogeuka, au kwenye kidole kilichochelewa kubonyeza rimoti. Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio mmoja, nao naomba uufuate hata kama una haraka: kagua mashine, kisha ndege, kisha upepo, kisha jijue wewe mwenyewe. Mbwa awe wa mwisho kulaumiwa.

Kwa anayeanza, mashine yenyewe (wakati mwingine nitaiita sanduku) ni fremu ya chuma yenye wavu na mikono inayojikunja kumfunika ndege. Chini kuna springi nzito, na ndoano inayoizuia isifyatuke. Ukibonyeza rimoti, mota ndogo inavuta ndoano, springi inafyatuka, ndege anatupwa mita kadhaa juu na kuruka zake. Kazi yake ni kuiga kitu kimoja tu: kwale wa porini hamsubiri mbwa mwenye papara. Mbwa akinusa, anaganda, yaani anasimama tuli akielekea harufu. Akisogea hatua moja ya wizi, ndege anaondoka. Baada ya muda anaelewa kwamba ndege hakamatwi kwa kukimbiliwa, na kinachobaki ni kusimama na kukusubiri. Matatizo karibu yote yaliyo hapa chini yanatokea pale mashine inapoacha kuiga hivyo.

Umebonyeza, haifyatuki

Anza na betri, hata kama uliichaji jana. Betri za kuchaji za aina ya nikeli hupoteza chaji zenyewe zikikaa, na joto huzidisha kasi hiyo. Ukiiacha mashine ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, usishangae asubuhi yake.

Ipo pia betri inayodanganya. Nilimpelekea fundi mmoja wa redio Kariakoo mashine iliyokuwa inafyatuka nyumbani na kugoma shambani. Kijana alinipokea kwa shikamoo, akachomeka mita kwenye betri ya volti 9, ikaonyesha 8.9. Nikamwambia, unaona fundi, betri nzima. Akatikisa kichwa: "Hapana mzee, hii inaonyesha nguvu kwa sababu imekaa bure. Ngoja tuipe kazi." Akabonyeza rimoti huku waya za mita ziko palepale, namba ikaporomoka hadi 6 na mota ikanung'unika bila kuvuta. Tangu hapo sipimi betri ikiwa imelala. Pima mota ikiwa inavuta. Ikishuka sana, tupa au chaji upya, usibahatishe.

Betri ikiwa nzima, angalia vichwa vyake vya kugusia. Anayefanyia mazoezi Kigamboni au upande wowote wa karibu na bahari ataikuta kutu ya kijani kwenye shaba kabla msimu haujaisha, kwa sababu hewa ina chumvi. Isugue kwa kifutio cha penseli, ipanguse kwa spiriti, iache ikauke, ufunge betri, kisha upake mafuta ya mgando kidogo sana kwa nje. Ukirudi nyumbani pangusa fremu nzima kwa kitambaa chenye maji baridi, halafu kavu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache na inaokoa mashine ya fedha nyingi.

Ukisikia mota inalia "krrr" lakini mikono haifunguki, tatizo ni ndoano. Mchanga umeingia, au mtu alipaka grisi. Grisi nzito kwenye ardhi yetu ya kichanga ni kosa, maana inashika kila chembe. Safisha kwa mswaki wa zamani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani.

Kabla ya kuendelea, jambo la usalama ambalo silifanyii mzaha. Springi hii inaweza kuvunja kidole na kumtoa mtu jicho. Usiinamishe uso juu ya mashine iliyotegwa. Pini ya usalama itoke mwishoni kabisa, ukiwa umeshasimama pembeni. Watoto wa mtaani watakuja kutazama, na ni haki yao kushangaa, lakini wakae mbali mpaka zoezi liishe. Na usilaze mashine ikiwa imetegwa: ni hatari kwa atakayeigusa, na springi nayo inachoka.

Inafyatuka karibu, mbali inakataa

Umbali ulioandikwa kwenye kasha ulipimwa kwenye uwanja wazi, rimoti na risiva, yaani kipokezi kilicho kwenye mashine, zikionana. Wewe umeiweka chini, kwenye nyasi zenye umande, nyuma ya kichuguu, na rimoti umeibana kwenye tumbo. Mwili wako na majani mabichi yote mawili yanameza mawimbi. Nyanyua rimoti usawa wa kichwa, antena ya mashine isimame wima na isiguse chuma, na ikibidi inua sanduku kwa tofali moja halafu ulifunike kwa nyasi.

Jipime kabla mbwa hajashuka kwenye gari. Acha mashine ikiwa wazi, haijategwa, msaidizi wako akae pembeni akisikiliza mlio wa mota, nawe rudi nyuma huku unabonyeza kila baada ya hatua 20. Pale mlio unapokosekana hata mara moja, kata nusu ya umbali huo, na hapo ndipo mpaka wako wa kazi kwa siku hiyo. Mvua za masika zikianza, pima upya, maana nyasi za Aprili si nyasi za Februari.

Inafyatuka yenyewe

Hapa kuna chanzo cha aina mbili. Kwanza ni ndoano iliyolika: mashine inashikilia kwa ncha tu, kishindo kidogo cha miguu kinaifyatua. Ijaribu ikiwa haina ndege, itegee, gonga ardhi kando yake kwa fimbo. Ikifyatuka, ndoano ibadilishwe au ichongwe upya na fundi anayejua, si kwa kupigwa nyundo.

Pili ni mawimbi ya wengine. Mashine nyingi za bei nafuu zinatumia masafa yaleyale yanayotumiwa na rimoti za mageti na king'ora za magari. Ukiwa Goba au Mbweni karibu na nyumba zenye mageti ya umeme, mashine ya namna hiyo inaweza kuitikia wito usio wako. Vilevile kama rafiki yako ana mashine ya aina yako na mmekwenda pamoja, huenda yeye anafyatua yako na wewe yake. Badilisheni namba za siri za rimoti kabla hamjaanza, na kila mmoja abonyeze mara moja mwenzake akitazama.

Mfyatuko wa ghafla usiuchukulie kirahisi. Ukitokea mbwa akiwa ameinamisha pua juu ya sanduku, unaweza kukuletea ugonjwa nitakaouzungumzia mbele, ambao kuutibu ni kazi ya miezi.

Ndege anarushwa, lakini haruki

Anapanda kidogo, anaanguka kama gunia, mbwa anamdaka. Asubuhi hiyo umemfundisha mbwa kwamba akikimbia anapata. Somo hilo linaingia haraka kuliko lolote utakalompa wewe, na ndiyo maana nasema ndege dhaifu asiingie kwenye mashine kabisa. Bora urudi nyumbani na ndege wako.

Chanzo cha kawaida ni joto. Njiwa aliyesafirishwa kwenye tenga lililobanana kutoka Manzese hadi Kisarawe, bila maji, akafungiwa kwenye wavu juu ya chuma kilichopigwa na jua, hana nguvu ya kuruka. Mimi sitegi ndege mpaka mbwa awe tayari kuanza, na asipofika ndani ya dakika 10 namtoa ndege na kumpumzisha kivulini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda njiwa kama inavyomlinda mbwa, na hata isingekuwepo, ndege anayetufanyia kazi anastahili maji na kivuli.

Chanzo kingine ni unyevu. Ukimlaza njiwa kwenye nyasi zenye umande, manyoya ya bawa yanalowa. Tandika kipande cha gunia kikavu chini yake. Angalia pia kama anabadilisha manyoya, kwa kumfungua bawa taratibu na kutazama kama manyoya marefu yana mapengo.

Halafu namna ya kumweka. Mabawa yafumbwe mwilini, miguu yote miwili iwe juu ya wavu, pasiwe na kidole kilichopenya kwenye tundu. Wavu uliochanika ndio unaonasa vidole. Usiushone kwa uzi wa nguo. Wavuvi wa Feri wanashona nyavu kila siku kwa uzi wa nailoni, na kwa hela ya soda mmoja wao atakuzibia tundu hilo vizuri kuliko fundi yeyote wa nguo.

Kuhusu kware: wale wa kufugwa waliokulia kwenye vizimba vya chini hawajawahi kunyoosha bawa, kwa hiyo wengi hawaruki zaidi ya mita chache. Wanafaa kwa mbwa mtoto anayejifunza harufu, kwa mashine hawafai mpaka wakae kwenye banda refu wazoee kuruka. Ukinunua, nunua kwa mfugaji mwenye vibali vyake. Kwale na kanga wa porini usiwatege kwa ajili ya mazoezi. Hao ni wanyamapori na wana sheria yao, ya mwaka 2009.

Njiwa ndiye ndege wa kazi hii, hasa yule anayerudi kwake. Tatizo ninaloambiwa ni kwamba "nimewarusha Bunju, hawakurudi Tabata." Ulimnunua jana, atarudi wapi? Njiwa mkubwa aliyehamishwa hukumbuka banda la zamani. Anza na makinda waliotoka yai kwako au walionunuliwa wakiwa bado hawajaruka, wazoeshe kutoka umbali wa kilomita 1, kisha 3, kisha 5, na kuendelea. Warushe asubuhi, wapate mchana kutwa wa kutafuta njia. Na tazama juu kabla ya kubonyeza. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye wakaujaza mji huu, wanamzonga njiwa aliyetoka tu kwenye mashine mpaka wanamshusha. Mwewe naye anafanya lake. Palipo na dampo au mnadani, kunguru ni wengi. Hama hata nusu kilomita.

Mbwa anapita kando ya mashine kama hakuna kitu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mbwa wengi wazuri wanapopewa jina baya.

Mbwa anamnusa ndege kwa kupitia hewa. Harufu inatoka kwa ndege ikiwa nyembamba, inapanuka kadiri inavyosafiri na upepo. Pasipo upepo, inalala palepale juu ya nyasi, na mbwa anaweza kupita hatua nne kutoka hapo asiwe na habari. Asubuhi ya Dar mara nyingi iko hivyo hasa. Alfajiri hewa imetulia au kuna upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini. Jua likipanda, kwenye saa tatu au saa nne, upepo unageuka na kuanza kuvuma kutoka baharini, tena kwa nguvu. Maana yake ni kwamba mashine uliyoitega vizuri saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa tatu iko upande usiofaa kabisa. Mbwa sasa anaijia kutoka upande ambao upepo unatokea, harufu inakwenda mbele yake, na wewe umesimama unamgombeza.

Chukua unga kidogo wa muhogo kwenye kopo dogo. Kila kabla ya kumwachia mbwa, dondosha chembe kidogo usawa wa goti, kwa sababu upepo wa usawa wa kichwa si ule unaopita kwenye pua ya mbwa. Unga ukishuka wima, ahirisha. Ukienda upande, panga njia ya mbwa ikate upepo huo, aje kwa ubavu. Akiingia kwenye harufu utamwona: kichwa kinageuka ghafla, mkia unakaza, mwili mzima unafuata. Pahali pale alipogeukia papo kwenye akili yako kuanzia sasa, kwa sababu ndipo umbali wa kubonyeza unapopimwa.

Kaskazi na kusi nazo zina tabia zake. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto ni kali na upepo wa mchana ni wa nguvu, kwa hiyo muda wa kazi ni mfupi. Kusi ikiingia, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, asubuhi kuna ubaridi na harufu inakaa vizuri. Kwangu huo ndio wakati wa kufundisha mbwa mchanga.

Joto linaua pua kwa njia nyingine pia. Mbwa anayehema kwa kasi huku ulimi uko nje anapitisha hewa mdomoni ili kujipoza, na kunusa kunapungua. Ukiona ulimi umepanuka na kulegea upande, kazi imekwisha, hata kama mashine mbili bado zina ndege. Kivuli, maji, nyumbani. Mimi saa mbili na nusu asubuhi nakuwa nimeshafunga.

Anaganda kwenye sanduku tupu

Hii ni dalili ya mbwa mwerevu na mwalimu mvivu kidogo. Mashine inawekwa kila siku chini ya kichaka kilekile, ina manyoya ya njiwa wa wiki iliyopita kwenye wavu, na nyayo zako zimenyooka kutoka kwenye gari hadi pale. Mbwa hamtafuti ndege. Anakufuata wewe, au ananusa chuma.

Jaribio lake ni rahisi. Tega mashine iliyosafishwa ambayo haijabeba ndege siku hiyo, mwache apite. Akiganda, umejua. Usimkaripie, maana hajui kosa lake. Endelea kimyakimya, mwite, mpite. Kisha osha mashine kwa maji, ianike juani, tumia glavu wakati wa kutega, na tawanya shambani mashine tupu mbili tatu ili chuma kiache kuwa na maana kwake. Unapokwenda kutega, zunguka, pita na sehemu ambazo hakuna kitu, ingia kwenye mashine kutoka upande ambao mbwa hatapita.

Yuko pia anayejua kwa kukutazama. Kila ukikaribia kubonyeza, mkono unapanda kifuani na pumzi inakatika. Mbwa aliyeganda anakuona kwa pembe ya jicho na anaruka kabla ya ndege. Ficha rimoti mfukoni, au mpe msaidizi aliyesimama mbali, nawe utembee kama mtu anayetazama mazingira.

Anaogopa: anaona mashine, anageuza kichwa na kuondoka

Huu ndio ugonjwa niliousema. Mbwa amenusa, anajua kabisa ndege yuko wapi, lakini anazunguka mbali, anajifanya ananusa kitu kingine, au anakuja kujibanza miguuni pako. Wamiliki wanasema amepoteza hamu. Ukweli ni kwamba ameogopeshwa.

Uliza maswali haya kwa unyofu. Je, mashine ilifyatuka akiwa karibu sana? Kishindo kile cha chuma kwenye uso wa mbwa wa miezi saba hakisahauliki. Kanuni yangu: pungufu ya mita 5 sibonyezi kamwe, hata mbwa akifanya kosa gani, na kwa mbwa mchanga nabonyeza akiwa mita 10 hadi 15, mara tu anaposogea baada ya kunusa. Ukichelewa akafika karibu, usijaribu kuokoa zoezi. Mshike kamba, mtoe taratibu.

Je, ana kola ya umeme, na rimoti ya kola inafanana na ya mashine? Hili limeharibu mbwa kuliko springi zote. Mtu anataka kurusha ndege, anabonyeza kola, mbwa anachomwa huku pua yake imejaa harufu ya njiwa. Kuanzia hapo njiwa ni maumivu. Rimoti moja iwe mfuko wa kulia, nyingine wa kushoto, moja izungushiwe utepe wa gundi mnene uweze kuitambua kwa kidole bila kuangalia. Kwa maoni yangu mbwa anayejifunza ndege hahitaji kola ya umeme shambani hata kidogo.

Je, hukumzoesha mlio kabla? Ulimtoa nyumbani ukampeleka moja kwa moja.

Dawa ni kuiweka mashine stoo. Usijaribu "kumzoesha kwa nguvu". Kila kishindo kinaongeza deni. Kwa wiki kadhaa mpe ndege bila chuma: msaidizi amwachie njiwa kwa mkono kutoka nyuma ya kichaka, mbwa amwone akiondoka, akimbie akitaka, afurahi. Hapa sijali kama anaganda au hagandi. Nataka macho yake yawake tena. Wakati huohuo, upande wa nyumbani, mlio urudi taratibu. Mtu afyatue mashine tupu hatua 70 kutoka pale mbwa anapokula. Akiinua kichwa na kuendelea kula, kesho hatua 60. Akiacha chakula, umekaribia mno, rudi nyuma. Funika mashine kwa gunia ili mlio uwe mzito badala ya mkali. Siku anaposikia mlio na kukimbilia upande ule kutafuta njiwa, umepona nusu. Baki na umbali mrefu kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika.

Anakimbiza kila ndege anayerushwa

Kwa mbwa chini ya mwaka mmoja, mimi siiti tatizo. Kumkimbiza njiwa mara chache kunamjengea hamu, na njiwa mwenye afya atamwacha mbali tu. Anayetaka mbwa wa miezi sita asimame kama sanamu atapata mbwa asiye na moto.

Mbwa akishakomaa, kamba ya mita 10 ndiyo mwalimu. Msaidizi anaishika, au wewe unaikanyaga, ndege anaruka, mbwa anafika mwisho wa kamba bila kushtuliwa shingo. Msimamishe, mpapase ubavuni, kaa naye kimya hadi ndege apotee machoni. Kama hapungui baada ya mazoezi ya kutosha, rudi kwenye swali la ndege: kuna siku alimdaka mmoja. Hakikisha halitokei tena, ukianza upya kwa njiwa wenye nguvu peke yao.

Anashtuka kwa mlio wa bunduki

Kwanza tenganisha sauti mbili. Mashine bila mlio wa bunduki, siku moja. Mlio bila mashine, siku nyingine. Wengi wanaanzisha vyote asubuhi moja, kisha hawajui mbwa anaogopa kipi.

Mlio hauhitaji bastola. Mbao mbili zikigonganishwa na msaidizi hatua 100 kutoka hapo, wakati mbwa anamwangalia njiwa akiondoka, zinatosha kuanzia. Silaha ziko chini ya sheria ya mwaka 2015 na polisi ndio wanaohusika, hata kwa zile za kutoa mlio tu, uliza kituoni kabla hujabeba chochote. Kokote unakofundishia, iwe Chanika, Mabwepande au Kisarawe, fika kwanza kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Mbwa awe kwenye kamba mkipita kwenye nyumba za watu, maana majirani wengi hawapendi kuguswa na mate ya mbwa, na heshima hiyo ndiyo itakayokurudisha hapo wiki ijayo. Na anayetaka kumpeleka mbwa kwenye uwindaji wenyewe aulize TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, masharti ya leseni na ya mbwa mapema.

Labrado na mbwa wenzake wa kuleta windo

Kwao mashine hurusha dami, lile boya la turubai, badala ya ndege. Malalamiko ni kwamba mbwa haoni lilipoangukia. Dami la rangi ya machungwa linaonekana vizuri kwako, si kwake: mbwa anatofautisha vizuri bluu na njano, na rangi hiyo kwenye nyasi kavu inapotea. Tumia jeupe, au lenye mabaka meusi na meupe linaloonekana dhidi ya anga. Usirushe kuelekea mashariki asubuhi, jua linamfumba macho. Na kama anakimbilia kwenye mashine badala ya dami, mashine inarusha karibu mno. Kaza springi au igeuze itupe kwa ubavu.

Alikuwa mzuri, ghafla hanusi

Ukishakagua yote hayo, na mbwa aliyekuwa anashika harufu hatua 30 sasa haishiki hatua 5, acha mazoezi. Tazama kwanza nyayo: mbigili mmoja kati ya vidole unatosha kumfanya aonekane mvivu. Tazama puani kama kuna ute au anapiga chafya mfululizo upande mmoja, huenda mbegu ya nyasi imeingia. Kisha inua mdomo wa juu uone ufizi. Ukiwa mweupe badala ya pinki, na mbwa hali, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Homa inayoletwa na kupe ni ya kawaida sana kwetu, na mbwa aliyeingia vichaka vya Pwani anaweza kuumwa na ndorobo (mbung'o) pia. Mwambie daktari wapi mlikokwenda na lini, na usikubali dawa bila damu kupimwa. Akipona, anzia kwa njiwa wa mkononi, siku mbili tatu nyepesi alfajiri, ndipo utoe mashine stoo.